Shomoro wa chini ya mabati: ni wa hapa au ni mgeni?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Majengo, Mombasa:

"Shikamoo mwalimu. Chini ya mabati ya baraza yangu kumejaa shomoro, tangu alfajiri ni kelele tupu. Nikikaa kupepeta mchele wanashuka hadi karibu na miguu yangu. Nyanya yangu, aliyekulia Matuga, asema utotoni mwake ndege hawa hakuwaona kijijini kwao, na mimi mwenyewe nikienda kumjulia hali siwaoni kule, ingawa mahindi yako tele. Mume wangu ataka kuziba matundu yote wiki hii hii. Je, hawa ni ndege wa porini waliohamia mjini, au ni wageni walioletwa? Na tukiwaziba tutakuwa tumefanya vibaya?"

Marahaba, dada. Swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu wewe na nyanya yako mmeona jambo ambalo watu wengi hulipita tu: kwamba shomoro yupo Majengo na Matuga hayupo, ilhali nafaka iko kote kuwili. Ukilifuata jambo hilo hadi mwisho wake, umeijua habari nzima ya ndege huyu.

Ni mgeni. Shomoro wa nyumbani, anayeitwa Passer domesticus kwa jina la kitaalamu, kwao ni Ulaya, Afrika ya Kaskazini, Mashariki ya Kati na Asia mpaka Bara Hindi. Kwetu alikuja kwa bahari. Shomoro wa pwani yetu ni wa ukoo wa Bara Hindi, na hutambulikana kwa mashavu yao meupe zaidi kuliko ya ndugu zao wa Ulaya. Unguja na Mombasa aliingia kwa njia ya bandari, nyakati zile meli zilipokuwa zikipishana kati ya pwani hii na Bombay zikiwa zimesheheni mchele na ngano. Shomoro akiwa melini hana shida: punje zimemwagika kila mahali, mabaharia wanakula sitahani, na pembe za kujificha hazikosi.

Lakini hilo la "ndege wa porini waliohamia mjini" halimfai hata huko kwao. Ndege huyu hana pori. Nenda mahali popote ulimwenguni pasipo na nyumba, ghala, zizi wala shamba, hutamkuta. Watu wakihama kijiji wakaondoka na mifugo yao, baada ya muda shomoro nao hutoweka, hata kama nyumba zimebaki zimesimama na matundu yake yote. Upande wa pili, mtu akienda mahali ambapo hakuna ndege mwenye akili zake angekwenda, shomoro humfuata. Huko Yorkshire, Uingereza, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Frickley, miaka ya 1970 shomoro waliishi mita 640 chini ya ardhi, wakila walichopewa na wachimbaji, na jozi moja ikajenga kiota humo na kuangua makinda. Kule chini hakuna jua, hakuna mti, hakuna mdudu wa kumlisha kinda. Kulikuwa na watu na chakula chao, basi.

Uhusiano huu ulianza Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima ngano na shayiri zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Kabla ya hapo shomoro alikuwa ndege wa nyasi kama wengine. Tunajuaje? Kwa sababu yuko ndugu yake mmoja anayeishi maisha yale ya kale mpaka leo. Huyu huitwa bactrianus, na makao yake ni Asia ya Kati. Hujenga vichakani na kwenye kingo za mito, hula mbegu za majani ya porini, hujitenga na watu, na baridi ikianza huhama kwenda kusini upande wa Bara Hindi. Ukimweka kando ya shomoro wako wa Majengo, kwa macho utasema ni mtu na pacha wake. Mwaka 2018 watafiti walilinganisha chembe za urithi za ndege hawa wawili, wakaona wameachana njia kama miaka 11,000 hivi iliyopita, yaani wakati ule ule wa kilimo cha kwanza. Na palipotofautiana zaidi ni mahali pawili panapomfanya mtu aache kazi yake afikiri. Pa kwanza panahusu umbo la fuvu na mdomo. Pa pili panahusu kimeng'enya cha amilesi, kile kinachovunja wanga tumboni.

Wanga, dada. Ugali, mkate, wali. Mbegu za majani ya porini ni ndogo na laini. Punje ya ngano ni kubwa, ngumu, imejaa wanga. Shomoro aliyeamua kukaa na mkulima alihitaji mdomo wa kuipasua na tumbo la kuiyeyusha. Mbwa naye, alipoacha kuwa mbwa mwitu akaja kulala mlangoni petu, mwili wake ulibadilika vilevile katika kuyeyusha wanga. Na sisi wenyewe kadhalika. Huyu ndege anayekula chenga zako ameumbika upya kwa chakula kile kile kilichotubadilisha sisi, na ndiyo maana mimi siwezi kumtazama kama mdudu wa nyumba.

Siku moja utakapokuwa na nafasi, weka uteo chini, sogea hatua tatu, utulie umwangalie anavyokula. Mimi hupenda kukaa karibu na maduka ya nafaka ya Marikiti asubuhi, mahamali wanapoteremsha magunia, maana gunia halikosi tundu. Dume mmoja aliwahi kuokota punje ya mpunga mbele yangu, kama mita moja na nusu hivi. Hakuimeza. Aliisogeza kwa ulimi hadi pembeni mwa mdomo, akaibana, akaizungusha pole pole huku taya la chini likienda mbele na nyuma, na ganda likatoka upande mmoja limepasuka vipande viwili, safi kama lililomenywa kwa kisu. Punje ikaingia, ganda likaanguka. Kazi nzima haikufika sekunde mbili, na alikuwa ameshaitazama inayofuata. Siri yake imo katika ulimi: ndani ya ulimi wa shomoro mna mfupa mdogo wa ziada, unaoufanya uwe mgumu wa kuishikilia mbegu wakati mdomo unaikoboa.

Sasa Matuga. Mbona hakufika, na ni ng'ambo tu ya kivuko?

Sababu ya kwanza ni kwamba shomoro si msafiri. Ndugu yake wa Asia ya Kati huvuka milima kila mwaka, lakini yeye tangu ahamie kwa watu ameacha kabisa kuhama. Shomoro wengi huzaliwa, huoa, hulea na hufa ndani ya kilomita chache tu. Anapoenea mbali, aghalabu amebebwa: melini, kwenye behewa la mizigo, au kwa kuruka kutoka kituo kimoja cha malori hadi kingine. Ndiyo maana hapa Kenya alichukua miaka mingi mno kupanda bara. Aliifuata njia ya reli na barabara kuu, mji kwa mji, na Nairobi hakujikita mpaka miaka ya 1990. Linganisha na Marekani, ambako waliletwa kwa makusudi. Mwaka 1851 watu wa Brooklyn, New York, waliagiza jozi 8 kutoka Uingereza wakitegemea kwamba zitakula viwavi waliokuwa wakimaliza miti ya mjini, kisha wakaleta wengine zaidi. Huko walikuta nchi ya farasi na shayiri, kila barabara imemwagika chakula cha farasi, na katika muda wa miaka 50 hivi walikuwa wameenea karibu nchi nzima.

Sababu ya pili ni nyumba na ratiba ya chakula. Mahindi ya Matuga huwa shambani miezi michache, halafu huvunwa yakafichwa. Shomoro anataka punje kidogo kila siku ya mwaka: duka la nafaka, mashine ya kusagia unga, mabanda ya kuku, mwanamke anayepepeta barazani. Anataka pia tundu la kiota, na nyumba ya ukuta wa mawe yenye mabati yaliyokaa juu ya boriti ina matundu ya kumtosha na ukoo wake. Tena hapendi kukaa peke yake. Jozi moja ikipotelea kijijini bila majirani, mara nyingi haikai.

Na kuna la tatu: huenda Matuga wako shomoro, ila si hawa. Mwangalie vizuri ndege wa kijivu atuaye juu ya makuti ya nyanya. Afrika ina shomoro wake wa asili, wapole zaidi na wasio na kelele za sokoni, na watu wa shamba huwaona kila siku bila kujua kwamba ni ukoo mmoja na wale wa mjini. Yuko mmoja mwenye mdomo mnene kuliko wote, kichwa cha kijivu, ambaye jina lake la kitaalamu, Passer gongonensis, limetokana na Gongoni, hapa hapa Pwani. Uganda na Kongo yuko mwenzake mwenye kichwa cha kijivu na mgongo wa kahawia. Nyanda za juu za Kenya yuko mwekundu-kutu mwenye jicho jeupe, ambaye watu wa Nakuru na Nairobi humchanganya sana na shomoro wa nyumbani kwa kuwa dume lake nalo lina weusi kooni. Yuko mdogo wa rangi ya hudhurungi iliyoiva mwili mzima, asiyependa kujisumbua: hungoja mnana asuke kiota chake chote kwa ufundi wake, kisha humtoa akaingia yeye.

Na yuko mmoja ambaye kila Mswahili angestahili kumjua: Passer suahelicus, maana yake shomoro wa Uswahilini. Mtaalamu wa Kijerumani Anton Reichenow ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1904. Makao yake ni kusini mwa Kenya na Tanzania. Hana ndevu nyeusi, hana madoa; kichwa na mgongo ni kijivu kimoja kilichokoza, na chini ya mgongo ana wekundu wa kutu unaoonekana anaporuka. Dume na jike huwezi kuwatofautisha. Nasikitika kwamba ndege mwenye jina letu hajulikani kwetu, na mgeni wa Bara Hindi ndiye tunayemwita shomoro bila kufikiri.

Majina yenyewe, kwa kweli, yamechanganyika. Wako wasemao jurawa, wako wasemao shorewanda, na wengi wetu tumelipata neno shomoro kutoka Injili, pale panaposemwa jinsi walivyouzwa kwa bei ya chini. Aliyetajwa pale ni ndege wa Palestina, kwa hiyo Mombasa ndiko jina na mwenyewe walikokutana tena. Kosa kubwa la majina ni kumwita kweleakwelea shomoro. Kweleakwelea ni wa ukoo wa mnana, ni ndege wa nyika wa kuhamahama, hutembea kwa makundi ya mamilioni na humaliza shamba la mtama kwa siku chache. Mkulima wa Tana au wa Dodoma akilia juu ya ndege waliommaliza, hao ndio. Shomoro wako ishirini wa barazani hawahusiki.

Nitakueleza sasa maisha yao humo juu ya kichwa chako, kwa sababu ndiyo yatakayoamua jibu la mume wako.

Dume ndiye mwenye taji la kijivu, ukanda wa hudhurungi kutoka jichoni hadi kisogoni, na weusi unaoshuka kooni hadi kifuani kama ndevu. Jike ni kahawia tupu na mstari mweupe-manjano nyuma ya jicho. Weusi wa dume hauji kwa kuota manyoya mapya kila msimu wa kuzaa. Manyoya ya koo huota meusi yenye ncha za kijivu, kwa hiyo akishabadili manyoya ndevu huonekana hafifu, kama zimepakwa vumbi. Kisha ncha zile huchakaa siku hadi siku, na ikifika wakati wa kutafuta mke weusi wote uko wazi. Huyu hupendeza kwa kuchakaa. Mdomo wake nao hugeuka mweusi kabisa wakati huo, na ukimwona dume mwenye mdomo mweusi ti ujue yuko kazini.

Kazi yake ya kwanza ni kupata tundu. Akilipata hukaa mlangoni kutwa akiita neno lile lile moja, chiri, chiri, chiri, na hizo ndizo kelele zako za alfajiri: kila mmoja anatangaza nyumba yake. Jike akikubali, wanajaza tundu majani makavu, nyuzi, vipande vya mfuko wa plastiki, manyoya ya kuku. Katika jiji la Mexico, mwaka 2012, watafiti waligundua kwamba shomoro huingiza hata vichungi vya sigara, na kwamba kiota chenye vichungi vingi kilikuwa na utitiri mchache, maana nikotini huufukuza.

Mayai huwa manne au matano kwa kawaida. Hulaliwa kama siku 11 hadi 14, na makinda hukaa kiotani wiki mbili zaidi kidogo. Shomoro mzima hula nafaka na mbegu karibu maisha yake yote, lakini kinda mchanga hawezi. Siku za mwanzo hulishwa wadudu: viwavi, vidukari, panzi wadogo, buibui. Wadudu wakikosekana makinda hufa, hata kama chini pana gunia la mchele limepasuka. Kwa hiyo ndege unaowaona wakikuibia chenga ndio hao hao wanaopekua sukuma wiki yako na maua ya jirani, wakirudi na kiwavi mdomoni kila baada ya dakika chache, kutwa nzima. Kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka ni jambo la kawaida kwao.

Na ukiona uani vishimo vya mviringo kama mabakuli madogo kwenye mchanga mkavu, usiwasingizie watoto. Ni hamamu ya shomoro. Hujilaza, hujitifulia vumbi hadi kwenye ngozi, kisha hujikung'uta, na hivyo hupunguza mafuta yaliyozidi na wadudu wa manyoya. Hugombania vishimo hivyo kama watu wanavyogombania bomba la maji.

Nchi moja iliwahi kuamua kwamba shomoro ni mwizi na hana faida. Mwaka 1958 China ilianzisha kampeni dhidi ya viumbe wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Yule wa kwao ni wa spishi nyingine, Passer montanus, shomoro wa miti, lakini maisha yake na watu ni yale yale. Mamilioni ya watu walitoka nje na masufuria, ngoma na bendera, wakawa wanapiga kelele ili ndege wasipate pa kutua mpaka waanguke kwa kuchoka. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa. Mtaalamu wa ndege Zheng Zuoxin na wenzake walichunguza yaliyomo matumboni mwa shomoro wakaonyesha kwamba, hasa wakati wa kulea, wanakula wadudu kwa wingi. Mwaka 1960 shomoro aliondolewa kwenye orodha, akawekwa kunguni mahali pake. Kufikia hapo wadudu wa mashamba walikuwa wamepata nafasi, na njaa kubwa ilikuwa imeshaanza. Njaa ile ilikuwa na sababu nyingi na nzito kuliko ndege, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini mavuno hayakusaidiwa kwa kuua walaji wa viwavi.

Kisha kuna London, ambako hakuna aliyewapiga vita. Katika bustani ya Kensington, mwaka 1925, shomoro walihesabiwa wakapatikana 2,603. Mwaka 1975 walikuwa 544. Mwaka 2000 walikuwa 8. Ndege wanane, katika mji ambao wenyeji wake walimfanya shomoro kuwa jina la utani la mtu wa London. Kuanguka kwa kwanza kunaelezeka: farasi waliondoka barabarani, magari yakaja, shayiri ikaacha kumwagika. Kuanguka kwa pili watafiti bado wanavutana juu yake, na yanayotajwa zaidi ni uhaba wa wadudu wa kulishia makinda, ukarabati wa nyumba uliofunga kila tundu, na malaria ya ndege. Delhi nao waliona shomoro wakipungua hadi mwaka 2012 wakamtangaza kuwa ndege rasmi wa jimbo lao, ili watu wamkumbuke.

Nayataja haya kwa sababu umeniuliza kama kuziba ni vibaya. Kwa Mombasa, shomoro hayuko hatarini, na kwa kuwa ni mgeni sitakwambia ni dhambi kumnyima baraza yako. Wala simlinganishi na kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka, ambaye leo anakula mayai na makinda ya ndege wetu wa asili pwani nzima. Yule ana kesi nzito, na shomoro wenyewe ni miongoni mwa wanaoliwa. Ninachokiomba ni kwamba msizibe wiki hii kabla hamjajua kilichomo.

Simama chini ya kila tundu saa moja asubuhi, robo saa inatosha. Ndege akiingia na majani mdomoni, bado wanajenga: toeni majani na kuziba siku hiyo hiyo, na mkirudia mara mbili tatu watahamia kwingine bila hasara kubwa. Akiingia na mdudu mdomoni, au akitoka amebeba kitu cheupe kama kifuko kidogo, hicho ni kinyesi cha makinda wanachokitoa nje, basi ndani mna watoto. Mkiziba hapo watakufa kwa kiu chini ya mabati ya moto, na harufu yake mtakaa nayo. Mkiona wanaingia na kutoka kwa zamu bila kubeba chochote, yaelekea wanalalia mayai. Hesabuni kama mwezi mmoja kutoka mayai hadi makinda kuruka, kwa hiyo subira yenyewe si ndefu.

Matundu mawili sitaki myaonee huruma. La kwanza ni lile lililo juu ya mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi, ikiwa mnayavuna. Kinyesi cha ndege kwenye maji ya kunywa huleta maradhi ya tumbo, na hapo pazibwe mara makinda watakapotoka, na mfereji uoshwe kabla ya mvua. La pili ni popote panapopita nyaya za umeme, maana kiota ni fungu la nyasi kavu.

Mchele nao ufunikwe, na ukimaliza kupepeta fagia baraza. Wakikosa chenga za kila siku watapungua wenyewe, pengine wabaki jozi mbili tatu.

Mzibe kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, si kwa matambara, maana matambara watayavuta nje wayatandike viotani. Na kama mume wako atakubali, mwambie atengeneze sanduku la mbao la ukubwa wa tofali, tundu lake liwe na upana wa milimita 32, alitundike ukuta wa nyuma upande usiopigwa na jua la mchana, karibu na sukuma wiki. Ukienda tena Matuga, beba jicho lako lile lile: mtazame ndege wa kijivu juu ya makuti, uone kama kooni ana weusi au hana, kisha uniandikie.